Gugu Nililolifunga Kamba

Mwaka wangu wa nne wa kufundisha baiolojia, katika sekondari ya kata upande wa Itilima, si mbali na Zagayu, nilifanya jambo ambalo kwa muda mrefu nililiita bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Nilikuwa mvivu, kisha nikawa mwoga, na mwisho nikala nyama ya ng'ombe wa mtu aliyeadhibiwa kwa kosa langu.

Nyuma ya shule kulikuwa na kijito kinachopitisha maji wakati wa masika tu. Kiangazi kinabaki mchanga, na watu wanachimba visima vifupi humo humo kutafuta maji. Zamani kidogo, kabla sijahamishiwa pale, wanakijiji walikiziba kijito hicho kwa tuta la udongo wakapata lambo. Wanawake walichota upande wa juu, ng'ombe wakanywa upande wa chini, na mle ndani walikuwamo perege na kambale ambao hakuna aliyekumbuka nani aliwaweka.

Mimi nililipenda lambo lile kwa sababu nyingine. Shule ilikuwa na hadubini mbili, moja ikiwa imevunjika kioo cha chini. Kila muhula nilishona wavu kwa soksi ndefu ya nailoni, nikauzungushia waya mdomoni na kufunga kichupa cha dawa mwishoni, tukaenda kuvuta maji na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Tone moja la maji yale, ukiliweka kwenye kioo, lilikuwa kama mnada wa Jumamosi. Wanafunzi waliwapa wale viumbe majina yao wenyewe. Kuna kidudu chenye jicho moja kinachoruka kwa kushtukashtuka, wakakiita Bodaboda. Kuna wengine wadogo zaidi wenye vinywele vinavyozunguka mdomoni kuvuta chakula, hao wakawaita Feni. Na kuna kiroboto maji, mwili wake mwangavu hata mayai yake unayahesabu mgongoni. Huyo walimwita Mama Kijacho. Niliwaambia hao ndio wanaokula ule ukijani wa majini, na vifaranga vya perege wanawala hao. Mkimwona perege mkubwa kwenye kikaango, niliwaambia, jueni ameanzia hapa.

Dada yangu anaishi Lamadi, kando ya ziwa, anauza dagaa. Likizo moja nilikwenda kumtembelea nikakuta mwalo, pale wavuvi wanapotia nanga, umefungwa na magugu maji, kijani kutoka nchi kavu hadi mbali, na wanaume wanasukuma mitumbwi kwa miti kama wanaopita kwenye matope. Nilijua habari za gugu lile kutoka vitabuni. Nikaona hili ni somo zuri. Nikachukua mashina mawili yenye maua ya zambarau, nikayaweka kwenye ndoo tupu ya rangi na maji kidogo, nikarudi nayo shuleni.

Lilikuwa kweli somo zuri. Wanafunzi walichora mizizi, wakapasua yale mabua yaliyovimba kama puto, wakaandika jinsi gugu hili linavyozuia mwanga usifike chini na jinsi linavyozaliana kwa kutoa machipukizi pembeni. Nikawaandikia ubaoni: baada ya kutumia, anika juani mpaka likauke, kisha choma. Nilipigia mstari neno choma.

Siku ya kulichoma ilikuwa Ijumaa, na mimi nilikuwa na safari ya kwenda Bariadi kwa wazazi wangu. Nilitazama ile ndoo mlangoni mwa maabara. Nikawaza: mwakani nitahitaji tena mfano, nitakwenda tena Lamadi kulibeba? Nikalichukua shina moja lililokuwa bado zima, nikalifunga shingoni kwa kamba ya nailoni ya buluu, ile tunayofungia mabunda ya karatasi za mitihani, nikaenda nalo lamboni na kuifunga ncha ya kamba kwenye kisiki pembeni mwa maji. Niliona nimefanya jambo la akili. Lile la pili ndilo nililolichoma.

Mvua zilipokuja, lambo lilijaa, kisiki kikafunikwa. Nilipokwenda kutazama sikuona kamba wala gugu. Wiki chache baadaye niliona ua moja la zambarau katikati ya maji. Sijui kuogelea. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Lakini kijijini walikuwapo watu wengi wanaojua kuogelea, na kumwomba mmoja wao ningelazimika kueleza ua lile limefikaje pale. Nikarudi nyumbani kusahihisha madaftari.

Kufikia kiangazi lambo lilikuwa limefunikwa zaidi ya nusu. Wanawake walianza kuja na miti ya kusukumia magugu pembeni kabla ya kuzamisha ndoo. Maji yakawa meusi, yakanuka kama jaruba la mpunga lililoachwa. Ng'ombe walifika ukingoni, wakanusa, wakasimama. Waliozoea kutega perege walirudi na kambale wawili watatu tu, maana kambale anavumilia maji mabaya.

Nikaenda na wanafunzi kuchukua maji kama kawaida. Safari hii tulichukua sehemu tatu: mahali palipobaki wazi, ukingoni mwa magugu, na katikati chini ya magugu, ambako tulizamisha chupa iliyofungwa kwenye mti mrefu. Tone la mahali pa wazi lilikuwa bado na uhai, ingawa si kama zamani. La ukingoni lilikuwa na mambo mageni: vijinyoo, vitoto vya konokono, na Feni wengi waliojishikiza kwenye vipande vya mizizi. La katikati nililitazama mwenyewe kwanza. Nilisogeza kioo huku na huku nikidhani sijalenga vizuri. Kulikuwa na takataka za mimea zinazooza, na Bodaboda mmoja aliyekufa. Mama Kijacho hakuwapo hata mmoja. Nikarudia tone la pili, la tatu, la tano. Mwanga haukufika chini, ukijani ukafa, na waliokuwa wakiula wakafa nyuma yake; yale majani yaliyokuwa yakianguka na kuoza yalimaliza hewa iliyobaki kwenye maji. Yote niliyoyaandika ubaoni mwanzoni mwa mwaka yalikuwa yametokea kwenye kile kioo, na aliyeyafanya ni mimi.

Binti mmoja wa mstari wa mbele, mpole, anayeandika kila kitu ninachosema, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hili si lile gugu la kwenye ndoo?"

Nikasema, "Yanafanana. Hili limekuja lenyewe."

Akaandika. Nilimwona akiandika.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Nilialikwa kama mtaalamu, nikapewa kiti cha mbele karibu na meza. Watu walilalamika sana, kila mmoja kwa namna yake, na haikuchukua muda wakaanza kutafuta mtu. Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji, boma lake liko upande wa juu wa kijito. Mwaka ule alikuwa amenunua mitamba watano kutoka upande wa Lamadi. Mtu mmoja akasema gugu hili ni la ziwani, na kijijini hapa aliyeleta kitu cha ziwani ni mmoja tu. Wengine wakaitikia. Mzee yule alikuwa na ng'ombe wengi, hakuwa msemaji, na kanisani hakuonekana. Matambiko yake aliyafanyia nyumbani kwake kama baba yake. Nadhani watu walikuwa tayari kumkasirikia hata kabla ya gugu.

Mzee alisimama. "Ng'ombe wangu nimewaleta jua kali, kabla ya masika," alisema. "Wametembea siku tatu kwenye vumbi. Walifika miguu mikavu."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye umesomea mambo haya. Inawezekana gugu likaja na ng'ombe?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichokuwa nikiwaza wakati ule, na kweli sikumbuki wazo lolote. Nakumbuka mkuu wangu wa shule amekaa kushoto kwangu, akiitikia kwa kichwa kwa fahari kwamba mwalimu wake ameulizwa.

"Inawezekana," nikasema. "Mbegu zake ni ndogo sana. Zinakaa kwenye tope, na tope linashika kwenye kwato. Zinaweza kukaa muda mrefu zikisubiri maji."

Kila neno lilikuwa la kweli. Ungefungua kitabu ungeyakuta hivyo hivyo. Mzee alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kujifunza. Nafikiri aliniamini. Nafikiri kwa muda fulani hata yeye aliamini kwamba ng'ombe wake ndio walioleta.

Mkutano ukaamua atoe dume mmoja achinjwe kwa ajili ya watu watakaojitolea kung'oa magugu siku ya kwanza, na baada ya hapo familia yake iendelee kung'oa kila Jumamosi mpaka yaishe.

Dume alichinjwa karibu na tuta. Sikwenda, nilisema naumwa kichwa. Jioni mwenyekiti akaniletea furushi la nyama limefungwa kwenye mfuko. "Hii ni ya mtaalamu," alisema, akacheka. Ilikuwa nyama nzuri ya paja. Ningeweza kuikataa, ningeweza kumpa jirani. Nilikuwa nimekula mboga za majani wiki nzima. Niliikaanga kwa vitunguu nikaila na wali, na kesho yake nikala iliyobaki. Ilikuwa tamu. Katika mambo yote haya, hilo ndilo ninaloshindwa kulisema bila kuinamisha kichwa.

Jumamosi zilizofuata walionekana majini mke wa yule mzee na wakaza wanawe wawili, maji kiunoni, wakivuta mashungi ya magugu na kuyatupa ukingoni. Mzee mwenyewe aliyakusanya kwa uma wa mti na kuyaanika. Wale waliokula nyama siku ya kwanza hawakurudi. Mimi nilianza kwenda na kichupa changu, nikijifanya nafuatilia maendeleo. Nilisimama nchi kavu nimevaa viatu.

Jumamosi ya nne au ya tano, yule mama alitoka majini amebeba shungi kubwa, mizizi yake mirefu myeusi inachuruzika. Miguu ilikuwa imemtoka vipele, alikuwa akiukuna mmoja kwa unyayo wa mwingine. Alikuwa mcheshi siku zote, mtu wa maneno mengi na Kisukuma kingi ndani ya Kiswahili chake.

"Mwadila, mwalimu," alinisalimu. "Njoo uone. Hili gugu lina mwenyewe. Limefungwa kamba kama ndama."

Alinionyesha. Kamba ya buluu, imefubaa, imepotelea katikati ya mabua ya zamani yaliyonenepa kuizunguka. Fundo lilikuwa langu. Nafunga fundo mara mbili na kuacha mkia mrefu, hata leo.

"Mtu alilifunga," akasema tena, sasa kwa sauti ya chini. "Nani anafunga gugu?"

"Labda takataka tu, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Kamba imenasa."

Akaigeuza mkononi, akaitazama. "Labda," akasema, akalitupa shungi kwenye rundo, akarudi majini. Hakunishuku. Ningefurahi angenishuku.

Kesho yake, Jumapili, nilikaa kanisani sikusikia hata neno. Ibada ilipoisha nilipita kwenye njia ya juu nikaenda bomani kwa mzee. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kivulini mwa ukuta wa nyumba, anashona kamba ya ngozi. Akaniletea kigoda kingine mwenyewe. Tulisalimiana, akaniuliza habari za shule, akaniuliza habari za wazazi wangu Bariadi, kama pamba yao ilipata mvua. Nikajibu yote. Kisha nikashuka kutoka kwenye kigoda nikapiga magoti chini, kama ninavyomfanyia baba yangu, nikamwambia. Nilianza na Lamadi na ndoo, nikaja kwenye kisiki, nikamaliza na kamba ambayo mke wake aliishika jana.

Mkewe alikuwa ametokea mlangoni na ungo. Alisimama hapo hapo.

Mzee aliacha kushona.

"Siku ya mkutano," alisema, "walipokuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, baba."

"Ulikuwa unajua ni wewe."

"Ndiyo."

Nilitarajia atukane. Aliinua ile ngozi akaitazama, akaiweka tena. "Mimi nilimpiga kijana wangu kwa ajili ya wale mitamba," alisema. "Nilimwambia hakuwasafisha vizuri njiani. Alisema walikuwa wasafi. Nikasema mwalimu amesema."

Mkewe aligeuka akaingia ndani. Tangu siku ile maneno yake mengi kwangu yalikwisha.

"Uliyasema mbele ya watu," mzee akasema. "Kayaseme mbele ya watu."

Ilinichukua wiki tatu kusubiri mkutano mwingine, na katika wiki zile nilitamani mara nyingi uhamisho wangu utokee. Haukutokea. Nilisimama nikasema. Nilipomaliza, mwenyekiti alitazama meza, akakohoa.

"Mwalimu, haya mambo yalishaisha," alisema. "Tuendelee na ajenda."

Mtu wa nyuma akasema, "Na ng'ombe tulishamla!" Watu wakacheka, kicheko kile cha watu ambao hawataki kutazamana. Hakuna aliyemwomba mzee radhi. Yeye mwenyewe hakuwapo, alikuwa amekwenda mnadani Bariadi. Mkewe alikuwapo, amekaa na wanawake wenzake, na alitoka kabla ya kufungwa kwa mkutano.

Mkuu wa shule alinitaka niandike barua ya maelezo, nikaandika. Lakini barua haikuniuma kama darasa. Jumatatu nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikawaambia kwamba gugu la lamboni ndilo lile la kwenye ndoo, kwamba nililiweka mimi, na kwamba walipouliza niliwadanganya. Baadhi waliguna, mmoja akacheka. Yule binti wa mstari wa mbele alifungua daftari, akarudisha kurasa nyuma hadi akapata mahali, akachukua rula na kuukata ule mstari taratibu, kwa unadhifu wake wa siku zote. Kisha akainua macho, akiwa na kalamu mkononi, akisubiri nimwambie la kuandika badala yake.

Nilimpelekea mzee dume. Nilimtafuta kwa miezi kadhaa mpaka nikampata wa kufaa, au niliyedhani anafaa. Mzee alimfungua mdomo akamtazama meno, akamzungusha, akampapasa nundu. "Ni mdogo kuliko wangu," alisema. Ilikuwa kweli. Akamchukua.

Kuhusu lambo, Jumamosi ya kwanza baada ya kukiri niliingia majini. Niliogopa, nikashika mti, nikaingia hadi kiunoni kando ya wale wanawake watatu, na vipele vikanitoka mimi pia. Tuling'oa Jumamosi zote za mwaka ule na nusu ya uliofuata. Wengine wachache waliungana nasi, hasa wanawake wanaochota. Palipofunguka, maji yalianza kupata rangi yake. Kwenye hadubini walirudi kwanza Feni, kisha Bodaboda wachache. Viroboto maji walichelewa sana, na mpaka naondoka sikuwahi kuona tone lililojaa kama yale ya zamani. Na mbegu zimo kwenye tope. Kila masika vinachipua vichipukizi vipya pembeni, na kila masika lazima mtu aingie kuvitoa.

Sasa nafundisha Bariadi mjini. Mwaka jana nilirudi kule kwa siku moja, nikashuka kwenye bodaboda mahali njia inapoingia kijijini, karibu na kisima cha mdundiko, kile cha pampu ya mkono. Yule mzee alikuwa hapo na ng'ombe watatu wageni, wamefungwa kwenye mti. Alikuwa amechuchumaa na ndoo ya maji na kitambaa, anaosha kwato moja moja, anachokoa tope katikati ya vidole vyao kwa kijiti. Pampu ilikuwa na foleni ya wanawake na walikuwa wakimtazama.

Nilimwamkia. Akaitikia bila kuinuka.

"Wametoka wapi, baba?" niliuliza.

"Hapa hapa, Nkoma," alisema. "Hawajaona ziwa hawa."

Nikasimama. Aliuachia mguu mmoja, akashika mwingine.

"Nawaosha kila ninaponunua," alisema. "Watu wanasubiri kuona kama nimewaosha."

Nilitaka kuchuchumaa nimsaidie. Nilipoinama, alisogeza ndoo upande wake, si kwa ukali, akaendelea kuosha.